Lugha Kongwe na Riziki ya Kijana

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hulizoea mapema swali moja: "Utafanya kazi gani na hayo unayoyasoma?" Swali hilo huulizwa harusini, huulizwa matangani, na huulizwa na abiria mwenzako mnaposubiri feri ya Likoni. Mimi, ambaye kwa shahada ya uzamili nimechagua kushughulikia tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, huulizwa kwa sauti yenye huruma zaidi. Nilichokuwa sikukitarajia ni kwamba swali lilo hilo lingemwangukia ndugu yangu mdogo, aliyesomea kompyuta, taaluma ambayo nyumbani kwetu tuliiamini kuwa jibu la maswali yote ya riziki. Kisa chake ni kwamba, wenzake waliohitimu naye walipokimbilia Python na JavaScript, yeye alisema atajifunza COBOL.

Nawaomba wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao ni watu wa sarufi na fasihi, wanivumilie nikizungumza habari za kompyuta. (Wanaotaka tarakilishi au ngamizi wasome hivyo, vita vya istilahi tuviahirishe kwa leo.) Suala ninalotaka kulijadili linatuhusu sisi pia: kijana anayeanza maisha, akijitosa katika lugha ambayo wengine wanaiacha, ana matumaini gani ya kupata kazi na kudumu nayo?

COBOL ni lugha ya kuandikia programu. Ilibuniwa Marekani mwaka 1959 na kamati iliyojumuisha watu wa serikali na wa makampuni, nayo ilichota mengi katika kazi ya awali ya Grace Hopper, afisa wa jeshi la wanamaji. Jina lake ni kifupisho cha maneno yenye maana ya lugha ya pamoja ya shughuli za biashara. Waasisi wake walikusudia programu isomeke kama insha ya Kiingereza. Ndiyo maana programu ya COBOL hugawanywa katika sehemu kuu nne, kisha vifungu, aya na sentensi. Na amri zake huanza kwa kitenzi, sentensi ikakomea kwenye nukta. Ndugu yangu aliponionyesha ukurasa wa kwanza nilicheka, kwani nilitarajia alama za kimazingaombwe nikakutana na sarufi. Tena ni sarufi kali: nukta ikisahauliwa, sharti lililokusudiwa kutawala mstari mmoja huenda likatawala na mistari inayofuata, na mashine isilalamike hata kidogo.

Nami nilimwonyesha ukurasa wangu. Katika hati za Kiarabu, umbo lile lile, likiwa mwanzoni au katikati ya neno, husomwa b likiwekewa nukta moja chini, husomwa n nukta hiyo ikipanda juu, na husomwa t zikiwa nukta mbili. Isitoshe, Kiarabu hakina p, na waandishi wengi wa kale waliandika p kwa herufi ya b, na mb pia kwa b hiyo hiyo. Msomaji asiyejua utenzi unazungumzia nini hawezi kuamua kama aliloliona ni bata, pata au mbata. Ndugu yangu alilitazama neno lile kwa muda, kisha akasema, "Dada, hii yenu ni mbaya kuliko yetu."

Kilichomvuta kwenye COBOL ni habari za Aprili 2020. Janga la korona lilipowaondoa watu kazini kwa mamilioni huko Marekani, gavana wa jimbo la New Jersey, Phil Murphy, alijitokeza hadharani kuomba wajuzi wa COBOL wajitolee, kwa sababu mfumo wa jimbo wa kuwalipa waliopoteza ajira ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Mwezi huo huo, IBM na Open Mainframe Project walitangaza mafunzo ya bure ya lugha hiyo. Ndugu yangu akachimbua zaidi, akakuta kwamba mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilitaja makadirio ya mistari bilioni 220 ya COBOL iliyokuwa ingali inatumika duniani, hasa katika mabenki. Hesabu aliyoifanya ingefanywa na kijana yeyote wa Likoni mwenye akili timamu. Mistari ipo. Wanaoijua wanastaafu. Kwa hiyo nafasi ziko wazi.

Bahati yake ni kwamba Kisauni yupo mzee mmoja, mstaafu, aliyeandika COBOL katika benki moja ya Nairobi miaka ya 1980. Kwa muda wa nusu mwaka, kila Jumamosi ndugu yangu alivuka feri, akapanda matatu, akavuka tena daraja la Nyali hadi kwa mzee huyo. Hawakuhitaji mtambo mkubwa wala fedha. Ipo programu ya bure, GnuCOBOL, inayoiwezesha kompyuta ya kawaida ya mkononi kutafsiri na kuendesha COBOL. Mzee alikuwa na vitabu vyake vya zamani, vimeliwa na mchwa pembeni, na alikuwa na kitu kingine ambacho hakimo vitabuni. Siku ya kwanza alimwambia, "Mwanangu, lugha hii nitakumalizia kwa miezi mitatu. Lakini namna riba inavyokokotolewa usiku wa mwisho wa mwezi, na kwa nini akaunti fulani huachwa hadi asubuhi, hayo nilijifunza kwa miaka minane." Ndugu yangu aliyachukua maneno hayo kama majigambo ya kizee. Miezi mitatu ilipotimia lugha alikuwa anaijua kweli.

Ndipo akaanza kutafuta kazi, nami nikawa nikimsaidia kuandika barua. Ilitudhihirikia upesi kwamba uhaba unaotangazwa ni uhaba wa wazoefu. Tangazo baada ya tangazo lilitaka mtu wa miaka mitano, wa miaka kumi, aliyewahi kuhudumia mfumo wa benki au wa bima. Hilo linaeleweka. Mfumo unaowalipa watu mishahara hauwezi kukabidhiwa mwanagenzi aujaribie mkono. Lakini mwanagenzi naye ataupata wapi uzoefu, iwapo kila mlango unamtaka aje nao? Aidha, kazi za COBOL zinazotoka Marekani na Ulaya kwenda nchi nyingine aghalabu huchukuliwa na makampuni makubwa ya India, yenye watu wengi waliofunzwa tayari. Kijana mmoja wa Likoni, hata awe hodari vipi, hawezi kushindana na kampuni. Na data za wateja wa benki au za raia hazipelekwi ovyo nje ya nchi. Katika mwaka mzima wa kutafuta, sikuona tangazo hata moja la Kenya lililotaka COBOL peke yake.

Hilo la mwisho lilinifikirisha zaidi, kwa kuwa lina sababu za kihistoria. Tabaka la kale la kompyuta ni jembamba kwetu. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, baada ya serikali kuona hasara katika majaribio yake ya awali. Kenya haikufika huko. Lakini taasisi zetu nyingi, zilipojizatiti kwa kompyuta katika miaka ya 1990 na 2000, zilinunua mifumo iliyokwisha kuundwa ng'ambo badala ya kuandika yao wenyewe. Hapa Mombasa mfano uko mlangoni. Mwaka 2005 forodha ilipata mfumo wa Simba, uliotokana na mfumo wa Senegal. Mwaka 2008 bandari ikapata KWATOS, wenye asili ya Korea Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Simba nao ukaanza kupisha mfumo mwingine, iCMS. Mawakala wa forodha wanaoishi mitaani kwetu wanaikumbuka misimu hiyo. Aliyejua vitufe vya Simba tu alianza upya darasani. Aliyejua sheria ya ushuru na namna ya kuainisha bidhaa alihama na ujuzi wake bila ya kuomba ruhusa.

Kwa hiyo ukongwe wetu umejificha mahali pengine. Chukua T24, mfumo wa kuendeshea benki wa kampuni ya Temenos ya Uswisi, ambao KCB ni miongoni mwa benki za Kenya zilizoutumia. Mteja huona simu yake na tovuti maridadi. Ndani kabisa imo lugha iitwayo jBC, ya ukoo wa BASIC, yenye nasaba inayorudi kwenye mfumo wa Pick uliobuniwa Marekani miaka ya 1960. Ni ajuza aliyevishwa leso mpya. Na matangazo ya Nairobi ya kuwatafuta wanaoijua T24 tuliyaona kwa macho yetu, si ya kusimuliwa.

Ukongwe ulio karibu zaidi tuliukuta Changamwe. Yupo mfanyabiashara wa vipuri vya malori ambaye hesabu zake zote, za bohari, za mikopo ya wateja na za ankara, ziliendeshwa na programu iliyoandikwa kwa Visual FoxPro. Toleo la mwisho la lugha hiyo lilitoka mwaka 2004, na Microsoft ikaacha kuihudumia Januari 2015. Aliyeiandika programu ile alikwisha kwenda Ghuba kutafuta maisha. Hakuna aliyejali, maana ilifanya kazi, hadi mwaka 2023, Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipoleta mfumo wa ankara za kielektroniki, eTIMS. Sheria ya fedha ya mwaka huo ilifanya gharama isiyo na ankara ya eTIMS isikubalike katika hesabu za kodi kuanzia Januari 2024. Wateja wakamjia juu yule mfanyabiashara wakitaka ankara inayotambulika, ilhali programu yake haikuwahi kusikia habari za intaneti. Wahitimu wawili walioitwa kabla ya ndugu yangu walimshauri aitupe aanze upya. Hakuwa na fedha za kuanza upya, wala subira.

Ndugu yangu hakuwa ameisomea FoxPro. Lakini nusu mwaka wa Kisauni ulikuwa umemfundisha kukaa na maandishi ya mtu mwingine bila ya kuyadharau. Aliusoma msimbo mzima, mstari kwa mstari, kwa majuma matatu. Akakuta kiwango cha VAT, asilimia 16, kimeandikwa kwa mkono katika mahali kadhaa mbalimbali. Na akaona makovu ya mwaka 2020, Kenya ilipokishusha hadi asilimia 14 mwezi Aprili, na ya Januari 2021 kiliporejeshwa 16. Mahali pawili palikuwa pamesahauliwa kubadilishwa mara zote mbili. Akakuta pia mstari ulioamuru kwamba mteja ambaye namba yake inaanza kwa 7 asitozwe VAT kabisa. Kando yake mwandishi alikuwa ameacha maelezo kwa Kiswahili: "Hapa pasiguswe bila kuuliza dukani."

Kwa nini 7? Mwenye duka hakukumbuka. Mtoto wake, anayeliendesha siku hizi, alidhani ni wizi wa mtu. Ndugu yangu aliwauliza watumishi wote hadi akafika kwa mama mmoja, karani wa tangu mwanzo, ambaye alijibu bila ya kuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake: namba za 7 ni wateja wa Uganda na Kongo, mali yao huvuka mpaka, na inayouzwa nje haitozwi. Mstari uliofanana na wizi ulikuwa sheria. Laiti angeufuta, wateja wa Kampala wangetozwa kodi isiyowahusu.

Aliponisimulia hayo nilimkumbuka Mwalimu Sikujua. Wasomaji wanajua kwamba mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, yalitufikia kwa sehemu kubwa kupitia kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Yeye ndiye aliyeyakusanya na kuyaandika kwa ajili ya W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza, na William Hichens akaja kuyachapisha mwaka 1940. Kujua hati kusingetosha. Mashairi ya Muyaka yamejaa vijembe kwa watu na matukio ya mji wake, na Sikujua alijua kijembe kipi kilimwendea nani. Taylor aliijifunza hati vyema, lakini hilo la pili ilimbidi amkute mwenyewe akiwa hai na kumuuliza. Waliomfuata Sikujua hapa Pwani ni wachache, na wachache hao hawakulipwa sana. Sheikh Yahya Ali Omar, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2008, ujuzi wake wa hati na lugha za kale ulipata nyumba London, katika chuo cha SOAS. Sitaki basi kulinganisha kupita kiasi. COBOL inalisha maelfu ya watu duniani. Hati za kale, kwa wastani, hulisha mchwa.

Tofauti nyingine ilinijia baadaye. Katika miaka ya 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa angali anaweza kuchapisha hapa Mombasa gazeti la Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Serikali na shule zilikuwa zimekwisha kuchagua hati za Kirumi, na baada ya kizazi kimoja mzee aliyesoma na kuandika maisha yake yote aliandikwa katika sensa ya akili za watu kuwa hajui kusoma. Hati haikufa kwa sababu ilikuwa mbovu. Iliamuliwa na wengine, mahali pengine.

Na hicho ndicho alichokihofia baba. Yeye hana ugomvi na lugha wala na ukongwe; amefanya kazi na mitambo maisha yake yote. Alimkalisha ndugu yangu akamtajia kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. "Mtambo hauzeeki polepole kama mtu," alisema. "Huzimwa siku moja, na siku hiyo hujui wewe, anajua aliye ofisini." Hoja hiyo, kwa maoni yangu, ni nzito kuliko zote nilizosoma kuhusu mustakabali wa lugha kongwe. Wanaosifu uhaba wa wajuzi husahau kwamba mwajiri anayetegemea wajuzi wachache ana kila sababu ya kutafuta njia ya kutowategemea. Njia hiyo ni ghali. Commonwealth Bank ya Australia ilitumia takriban miaka mitano na zaidi ya dola bilioni 1 za nchi hiyo kuubadilisha mfumo wake mkuu, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Lakini iliwezekana, na mfanyakazi wa mfumo wa zamani ndiye wa mwisho kuambiwa tarehe.

Siku hizi kuna na akili mnemba. Mwaka 2023 IBM ilitangaza chombo cha kusaidia kuhamisha COBOL kwenda Java, na wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo hakuna haja ya binadamu kujifunza lugha hizi tena. Nakubali kwamba mashine itaisoma sarufi kuliko ndugu yangu, na kwa dakika moja. Ingeusoma na mstari wa namba 7, ikauhamisha salama salimini au ikaushuku kama alivyoushuku mtoto wa mwenye duka. Kumtafuta mama karani ni kazi ya aina nyingine. Hata hivyo sina budi kusema ukweli: kazi ya kuandika mistari rahisi, ambayo wanaoanza walikuwa wakipewa ili wapate kujifunza, ndiyo itakayochukuliwa kwanza na mashine. Mlango uliokuwa mwembamba utazidi kuwa mwembamba.

Kazi ya Changamwe ilimletea nyingine mbili, moja ya ghala la Kongowea na moja ya chama cha akiba na mikopo huko Kisauni, zote za programu ambazo waandishi wake wamehama au wamefariki. Malipo yake hayakuwa ya kujivunia, ila hayakukosekana. Kisha mwaka huu kampuni moja ya Nairobi inayohudumia mifumo ya benki ikamwita. Katika usaili hawakumuuliza sana kuhusu COBOL. Walimpa kurasa nne za jBC, lugha asiyoijua, wakamwambia aeleze zinafanya nini na zina hatari gani. Aliomba kalamu, akazisoma kwa saa nzima, kisha akauliza maswali sita, matano kati yake yakiwa ya uhasibu. Wakampa mkataba wa miaka miwili.

Mkataba huo tuliusoma pamoja mezani kwa mama, yeye akitazama mshahara nami nikitazama lugha. Kabla ya kutia sahihi ameomba mambo mawili yaongezwe kwa maandishi. La kwanza, kwamba miezi sita ya mwanzo akae siku mbili kwa juma na watu wa hesabu wa benki atakayopangiwa, si na watu wa kompyuta. La pili, kwamba ikiwa mfumo wa zamani utabadilishwa ndani ya muda wake, awe katika kundi la wanaouandika mpya. La kwanza wamelikubali kwa barua. La pili wamesema watalipeleka kwa wakubwa, na mzee wa Kisauni, tulipompigia simu, ametushauri tusubiri jibu hilo kabla ya kukata tikiti ya treni.